Kwale na sungura pori: nani kafukua mahindi, nani kakata kunde, na nani mjanja zaidi?

MbaaziMbili (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu umetoka kijiweni. Nalima mahindi na mbaazi Babati vijijini, na pembeni nina robo eka ya kunde. Mvua za kwanza nikapanda mahindi. Siku ya 4 nakuta mistari miwili ya pembeni imefukuliwa shimo kwa shimo, kama mtu kapita na kijiti. Wiki 2 baadaye kunde nazo, zimechipua vizuri kabisa, nakuta zimekatwa. Jirani akahukumu: sungura, zote. Baba mdogo akahukumu: kwale, zote. Mimi utoto wangu wote nimechunga mbuzi kwenye vichaka hivyohivyo, nikawaambia kila mmoja kapatia nusu.

Mahindi ni kwale. Anafukua kwa mdomo na kucha, shimo linabaki wazi na udongo umerushwa nyuma. Kama mbegu ilishaanza kuchipua, mche unaukuta umelala pembeni na punje imenyofolewa. Nyayo ni vidole vitatu mbele na kimoja kifupi nyuma. Kinyesi kina ncha nyeupe kama cha kuku, hakuna cha kubishana hapo.

Kunde ni sungura. Inama uangalie shina lililobaki: limekatwa mshazari, safi, kama kwa wembe. Mbuzi hawezi mkato huo kwa sababu taya la juu mbele hana meno, yeye anabana na kuvuta, shina linabaki limechanika nyuzi nyuzi. Digidigi vilevile. Sungura ana meno ya juu na ya chini yanayokutana kama mkasi. Na kinyesi chake ni gololi ndogo kavu, ukiivunja ndani ni majani matupu, haina hata harufu ya maana.

Bado hawakuniamini. Nikaenda kulala shambani siku 3 kwenye kibanda cha kulindia.

Kwale waliwasili saa 12 na nusu asubuhi. Kwanza unawasikia, ile sauti ya kukwaruza kama mlango wenye bawaba kavu, halafu wanashuka mmoja mmoja kutoka kwenye mgunga. Ni wale wa shingo ya njano, huku kwetu ndio wengi. Jua likianza kuchoma kama saa 3 wanaingia vichakani. Saa 10 jioni wanarudi, na giza likikaribia wanapanda mti wao. Shamba linakaa tupu kidogo. Kwenye saa 2 usiku unamulika tochi, macho mekundu mawili yanakuangalia katikati ya kunde.

Shamba moja, zamu mbili, na wala hawakutani.

Hapo ndipo nilipoanza kuwafikiria pamoja. Wote wawili wanaishi chini, mahali ambapo mbweha anafika, kanu anafika, nyoka anafika, na tai anaona toka juu. Wote wana rangi ya nyasi kavu. Wote wakikusikia, jambo la kwanza si kukimbia, ni kuganda. Umeshawahi kukanyaga karibu ya kwale hatua moja tu, akalipuka miguuni moyo ukataka kutoka? Na sungura ni hivyohivyo, anakuachia upite, ukimpita haondoki kamwe, ukisimama ndio anatoka mbio. Kusimama kwako ndiko kunakomwambia ameonekana.

Sasa hoja yangu, na najua nitapigwa mawe: sungura wetu wa porini anafanana zaidi na kwale kuliko anavyofanana na sungura wa bandani. Naomba kuwasilisha.

---

BandaLaSungura_Moro

Mkuu, mpaka kwenye kunde nilikuwa na wewe. Hapo mwisho umemimina chai, tena haina sukari. Nafuga sungura 40 hapa Morogoro, mwaka wa 6 huu. Sungura ni sungura. Masikio, meno, miguu, kinyesi, vyote kimoja. Kwale anataga mayai! Utafananishaje anayenyonyesha na anayetaga?

---

MbaaziMbili

Mkuu, heshima kwako, tena wewe ndiye shahidi wangu. Jibu maswali mawili tu. Sungura wako akizaa, watoto wanakuwaje? Na anabeba mimba siku ngapi?

---

BandaLaSungura_Moro

Siku 31, ikizidi 32. Watoto wanazaliwa uchi, wekundu, macho yamefumba. Mama anajinyonyoa manyoya tumboni anawatandikia kwenye kiota. Macho wanafumbua siku ya 10 hivi. Kila mfugaji anajua hilo, sasa kwale anaingia wapi?

---

MbaaziMbili

Anaingia hapa. Sungura pori anabeba mimba siku 40 na kitu. Mtoto anatoka ana manyoya mwili mzima, macho wazi, na muda si mrefu anaweza kujisogeza mwenyewe. Hakuna shimo, hakuna kiota, hakuna kutandikiwa. Anazaliwa juu ya ardhi kwenye nyasi, basi.

Angalia lugha yetu ilivyo na akili. Kiswahili hakichanganyi kinda na kifaranga. Njiwa ana makinda: uchi, vipofu, midomo wazi, wanakaa kiotani kulishwa. Kuku, kanga na kwale wana vifaranga: wanatoka kwenye yai wana manyoya, wanaona, kesho yake wanatembea. Bandani kwako, mkuu, sungura anazaa makinda. Porini sungura anazaa vifaranga.

Na sababu yake ni ileile ya kwale. Sungura wa bandani asili yake ni Hispania na Ureno, babu yake anachimba mashimo na kuishi humo kwa ukoo. Ukiwa na shimo unaweza kuzaa mtoto asiyejiweza, unamfukia, anakua taratibu. Sungura wetu hachimbi. Asiye na shimo wala mti wa kuwekea kiota lazima amwivishe mtoto kabla hajatoka, awe tumboni au awe kwenye yai. Ndiyo maana kanga anaatamia siku 26 hadi 28 wakati njiwa anamaliza kwa 18 hivi.

---

NgomaYaKwale

Niko Kwale kaunti, Pwani ya Kenya, nimefungua uzi nikidhani ni siasa za kwetu 😂. Wazee hapa husema mji ulipewa jina na huyo ndege, walikuwa wengi mno hapa juu vilimani.

Lakini wenzangu wa bara mtawachanganya watu. Ukisema "kware" Nairobi, mtu anafikiria wale wadogo wa mayai ya madoadoa, wale waliofanya watu wauze mpaka ng'ombe mwaka 2013 wakanunue kware. 2014 haijakaa vizuri bei ikaanguka, mayai yakawa hayana mnunuzi. Mimi ni mmoja wao, nilijenga vizimba vitatu, wacha nisiendelee.

---

MbaaziMbili

Pole sana ndugu yangu 😂. Wale sisi tunawaita tombo. Kwale ni huyu mkubwa, karibu na kuku mtetea mdogo, dume ana kipi mguuni kama jogoo. Naona huko pwani mna jina lenu la sungura pia.

---

NgomaYaKwale

Kitungule. Bibi yangu hakuwahi kutamka "sungura" isipokuwa akitoa hadithi. Wa kwenye hadithi ni sungura, wa kwenye muhogo wake ni kitungule, na matusi juu.

---

MamaNtilie_wa_Mtandao

Mmeacha jikoni kabisa, nyie wanaume. Mie nimekulia Kondoa, marehemu baba alikuwa na kibali na gobore, wote wawili nimewachuna na kuwapika.

Kwale kidari chake cheupe, mapaja meusi. Sungura pori ni mweusi mwili mzima, nyama kama ya mnyama mkubwa, usipomchemsha kwanza na tangawizi utatafuna mpaka Idi. Sungura wa dukani ni mweupe kama kuku. Nani anaweza kunieleza kwa nini? Maana kwa nyama tu naona mleta uzi anaanza kuwa na hoja, halafu anaipoteza.

---

DaktariWaMifugo_TZ

Dada, swali zuri kuliko uzi wenyewe. Rangi ya nyama inafuata kazi ya msuli. Msuli wa kazi ndefu unahifadhi hewa nyingi ndani yake, unakuwa mwekundu mpaka kuwa mweusi. Msuli wa kazi ya ghafla na fupi unakuwa mweupe: una nguvu nyingi sekunde chache, halafu umekwisha.

Kwale anatembea siku nzima, mapaja meusi. Kuruka anaruka kwa dharura tu, kidari cheupe. Ndiyo maana analipuka kwa kishindo, anapiga mabawa kidogo, anateleza, anatua ng'ambo ya kichaka. Watoto wa kijijini wanajua: ukimrusha kwale mara tatu mfululizo bila kumpa nafasi, ya nne anakimbia kwa miguu tu.

Sungura pori kimbilio lake ni mbio ndefu. Jamii hii inafika hadi kilomita 70 kwa saa, na moyo wake ni mkubwa sana kulinganisha na mwili. Wa bandani babu yake alihitaji mbio za kufika mlangoni kwa shimo. Mbio fupi, nyama nyeupe. Kwa hiyo kwa msuli, wa bandani ndiye anayefanana na kidari cha kwale, na wa porini anafanana na paja lake. Mleta uzi nusu umepata, nusu umekosa.

---

MbaaziMbili

Daktari nakubali. Hiyo ya paja na kidari nitaiiba niende nayo kijiweni.

---

DaktariWaMifugo_TZ

Nawe umesahau tumbo, ambako ndiko wanakoachana kweli. Kwale hana meno. Anameza punje nzima pamoja na vijiwe, firigisi inasaga. Mpasue (mwenye kibali!) utakuta changarawe zimelainika kama zimepigwa msasa.

Sungura ana meno ya kutosha, tena nyuma ya yale mawili ya juu kuna mengine mawili madogo yamejificha, ndiyo maana wataalamu hawamweki kundi moja na panya. Lakini majani magumu hayatoi kila kitu kwa safari moja. Kwa hiyo anayala mara mbili. Zile gololi kavu ni za safari ya mwisho. Kuna kinyesi kingine laini, chenye unyevu, ambacho hukioni kwa sababu anakichukua mwenyewe kikitoka tu na kukimeza. Wa porini na wa bandani wote wanafanya. Hapo BandaLaSungura ana haki yake, wale ni ndugu.

---

BandaLaSungura_Moro

Asante daktari. Niliwahi kumpeleka mmoja kwa "mtaalamu" nikidhani ni mgonjwa kwa kula kinyesi, nikauziwa sindano.

---

Kijana_wa_Hoima

Wakubwa, nasoma kutoka Uganda. Huku kwetu Bunyoro kuna sungura wa porini mdogo, masikio mafupi, manyoya ya kukwaruza, na watoto wake huzaliwa uchi kama wa bandani. Anaitwa kwa jina la Bunyoro hata kwenye vitabu vya wazungu. Kwa hiyo msiseme "sungura wote wa porini Afrika Mashariki". Mzee wangu alikuwa akimpata kwenye majani marefu na penye mawe.

---

MbaaziMbili

Shukrani, hilo ni sahihisho la haki. Nasema sungura wa mbugani, wa masikio marefu, ambaye wengi wetu tunamjua. Wa Bunyoro ni kesi yake.

---

Mpiga_Soga

Nyie mnapima nyama na vinyesi. Swali la kichwa cha uzi: nani mjanja? Sungura tangu enzi za mababu ndiye mjanja, kamdanganya simba, kamdanganya fisi. Kwale hana hata hadithi moja.

---

MbaaziMbili

Nilichokiona mimi machungani ni hiki. Tulikuwa na mbwa anaitwa Simba, pua kali. Siku moja akamfuata sungura kwa harufu, sisi tuko juu ya jiwe tunaangalia. Sungura kaenda moja kwa moja kama mita 50, akasimama, akarudi juu ya nyayo zake mwenyewe karibu nusu ya njia, halafu akaruka pembeni mruko mmoja mrefu na kulala chini ya kichaka. Simba kafika mwisho wa harufu, imekatika hewani. Kazunguka pale kama mtu aliyepoteza funguo. Wakati wote huo sungura yuko nyuma yake, masikio yamelazwa mgongoni. Kama hadithi zimetungwa na watu waliochunga, basi waliona tukio kama lile.

Kwale mtego wake ni mwingine, anautumia usiku. Gizani kwale haoni kitu, kama kuku wako wa bandani, ukimshika saa 4 usiku hana habari. Ndege wa chini, lakini akibaki chini usiku amekwisha. Kwa hiyo analala juu. Sungura kachagua kinyume: mchana analala kwenye kibonde kidogo cha nyasi kinachomtosha yeye tu, usiku ndio maisha. Mmoja amekwepa giza kwa kupanda, mwingine amekwepa mwanga kwa kulala. Nani mjanja hapo sijui, kura yangu kwa sungura, lakini kwa pointi.

---

Mswahili_wa_Geelong

Nawasalimu kutoka Victoria, Australia. Hapa nilipo si mbali na shamba ambalo mwaka 1859 mwenye nalo, Thomas Austin, alipokea sungura 24 kutoka Uingereza akawaachia porini apate cha kuwinda. Wachimba mashimo hao, ndugu wa wale wa bandani. Wakazaana mpaka wakala nchi. Serikali ilijenga uzio wa maelfu ya kilomita, na mwaka 1950 wakaachiwa ugonjwa kwa makusudi.

Wengi hawajui kwamba kwenye mzigo uleule kulikuwa na kwale wa Ulaya. Meli moja, nia moja, bwana mmoja. Kwale wale hawakushika, leo huku bara huwaoni porini.

---

DaktariWaMifugo_TZ

Na hapo ndipo shimo linapojibu. Mwenye kuzaa makinda shimoni anazaa 5, 6, 7 kwa mara moja na mwezi ujao tena. Sungura wetu anazaa 1 hadi 3. Kwale mayai yake ni mengi kidogo, lakini yako chini wazi, na kila mpita njia anayataka.

---

Tega_Nikutegee

Mmeongea sana. Mwenye kujua mtego mzuri wa hao kwale wa Babati aweke hapa, Krismasi hiyo.

---

MbaaziMbili

Kitanzi ninakijua tangu darasa la pili, sikiweki hapa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 haijali kama ni tembo au kwale, bila kibali ni kosa.

Kwa wakulima, nilichofanya kimenisaidia: nimepanda siku moja na majirani, hasara ikagawanyika. Siku 10 za kwanza kuna mtu shambani saa 12 asubuhi na saa 10 jioni, basi, mchana nenda kafanye mengine. Kunde nimezungushia miiba ya mgunga hadi kiunoni, imebanwa chini vizuri. Huna haja ya kuifukia, huyu hachimbi. Huko kwa Mswahili wa Geelong ungefukia.

---

BandaLaSungura_Moro

Wakuu, nimerudi na uzi nimeusoma wote tena. Leo watoto wa shemeji yangu Kilosa wamenipigia video. Wamekuta mtoto wa sungura kwenye majani wakati wa kufyeka, peke yake, ngumi moja tu. Nimeangalia: manyoya yote, macho wazi, katulia kimya mkononi kama kaganda. Nina watoto wa siku 2 bandani sasa hivi, nimewatoa nikaweka simu pembeni. Haya, sibishi tena. Huyu ni kifaranga.

Wamemwokoa, wanasema mama kamtelekeza. Nimpe maziwa gani? Nina jike ananyonyesha.

---

MbaaziMbili

Mkuu, hajatelekezwa! Waambie wamrudishe SASA, palepale walipomtoa, wasiendelee kumshikashika.

Hapa ndipo sungura na kwale wanapoachana kabisa. Mama kwale anawalinda wanawe kwa kuwa nao, anatembea nao, jioni anawafunika na mabawa. Mama sungura anawalinda kwa kuwa mbali nao. Yeye ana harufu, mtoto hana sana. Akikaa nao anamwonyesha mbweha njia. Anakuja mara moja kwa siku, jua likishazama, ananyonyesha dakika chache, anaondoka. Maziwa mazito yanatosha mpaka kesho. Mchana kutwa mtoto yuko peke yake, na kazi yake ni moja tu: asitikisike.

---

BandaLaSungura_Moro

Wamemrudisha saa 11. Wameacha kufyeka kipande hicho. Nimewaambia wakae mbali waangalie, lakini giza limeingia hawakuona kitu.

---

BandaLaSungura_Moro

Asubuhi hii wameenda. Hayupo. Nyasi zimelala kidogo pale alipokuwa, basi.

---

MbaaziMbili

Kuna manyoya yaliyotawanyika? Damu?

---

BandaLaSungura_Moro

Hakuna. Wameangalia vizuri.

---

MbaaziMbili

Basi huenda kahama mwenyewe. Wakifika siku 3 hivi wanatawanyika, kila mmoja kichaka chake, jioni wanakutana palepale kunyonya. Waambie leo jua likizama wakae upande ambao upepo unatoka pale alipokuwa mtoto kuja kwao, wazime tochi, na simu waache nyumbani.